Kwa nini moyo uliachwa ndani ya mumia?

Swali: Katika maelezo mengi nasoma kwamba Wamisri wa kale, walipoikausha maiti ili isioze (yaani kuifanya mumia), waliutoa ubongo kupitia puani wakautupa, ilhali moyo waliuacha kifuani. Kwa nini?

Jibu: Waliamini kwamba mtu hufikiri kwa moyo, na kwamba baada ya kifo moyo huo ungepimwa mizanini dhidi ya unyoya wa Maat, mungu wa kike wa ukweli na haki, mbele ya Osiris, mungu wa wafu.

Jibu: Bob Brier, mtaalamu wa mumia anayewaandikia wasomaji wa kawaida, hakuishia vitabuni. Mwaka 1994, yeye na mwenzake Ronald Wade waliuhifadhi mwili wa binadamu kwa njia ya kale, wakaufukia katika magadi kwa siku 35. Ubongo haukuvutika kwa ndoana. Ilibidi waukoroge hadi ulainike kama uji, kisha waugeuze mwili ili umwagike.

Muulizaji: Kumbe haukuvutwa, ulimiminwa!