Naomba ushauri: rimu za bidiloki kwa Land Cruiser ya njia za Makete

Habari zenu wakuu. Nina Land Cruiser pikapu, rimu inchi 16, nafuata viazi vijijini Makete. Masika nikipanda tupu nashusha upepo hadi psi 15 tairi likamate tope, ila nikikata kona kutoka kwenye mifereji ya malori, tairi la mbele linachomoka kwenye ukingo wa rimu, upepo wote unaisha. Niliweka tyubu, ikajivuta hadi valvu ikang'oka. Nikijaza upepo, nateleza tu.

Sasa nataka bidiloki, zile zenye pete ya nje inayobana tairi kwa bolti. Nichukue za chuma, maana zikipinda fundi anazigonga, au aloi kwa wepesi? Na kwa anayerudi Mbeya kwa lami ya Uyole akiwa na mzigo, balansi inakaa, na bolti mnazikaza upya baada ya muda gani?