Hilux 3L imegoma kuwaka tangu mvua ya juzi, naomba msaada (Kigoma)

mwana_gungu
Wakuu habari zenu. Nina Hilux ya zamani ya mzee, injini 3L ya dizeli, ndiyo tunabebea dagaa kutoka Kibirizi. Juzi imepiga mvua ya upepo na radi usiku kucha, asubuhi nawasha ikawaka kidogo ikatetemeka ikazima, toka hapo starta inazunguka vizuri tu lakini haishiki. Fundi kaja kaichungulia kasema pampu ya dizeli imekufa niandae hela. Hela hiyo sina na hii gari ndo inatulisha. Nataka nihangaike nayo hapahapa nyumbani, nianzie wapi?

dizeli_tupu
Pole sana mkuu. Pampu usinunue kwanza, tafadhali. Mtu apige starta we simama nyuma uangalie ekzosi. Ukitoka moshi mweupe dizeli inafika ila haiungui, kagua hita plagi (zile za kupasha moto silinda kabla ya kuwasha). Moshi usipotoka kabisa basi dizeli haifiki, na kwa ulivyoeleza mi nahisi ina maji. Maji ni mazito kuliko dizeli yanakaa chini ya filta, pale chini kuna koki, kinga chupa nyeupe, ilegeze kwa mkono halafu bonyeza ile pampu ya mkono iliyo juu ya filta, yakiwepo utayaona yamejitenga chini ya chupa. Endelea mpaka itoke dizeli tupu, funga, bonyeza tena mpaka iwe ngumu mkononi ndo upige starta.

mama_roli
Mdogo wangu naongezea. Ukifungua swichi sikiliza kwenye pampu, kuna solenoidi (vali ya umeme inayofungulia dizeli) inatakiwa ilie tak! Isipolia angalia waya wake, mvua inaotesha kutu pale kwenye kichwa. Ila kabla ya starta yoyote fungua filta ya hewa uishike, ikiwa imelowa ACHA, maji hayabanwi, yakiwa ndani ya silinda unapinda konekting rodi (chuma kinachobeba pistoni) na hapo ndo utalia. Wakikwambia upulizie petroli kwenye hewa kataa, hita zikiwa za moto inalipuka. Na radi zikianza usibaki chini ya mti, gari itasubiri.

mwana_gungu
Asante dada, asante mkuu. Filta ya hewa kavu, solenoidi inalia, moshi hakuna kabisa. Nimefungua koki yametoka maji karibu robo chupa ya soda!! Nimepampu mpaka mkono umechoka, imewaka jamani. Ila sailensa (mngurumo wa injini gari ikiwa imesimama) haijatulia, inakosakosa.

dizeli_tupu
Safi sana! Sasa usiiendeshe hivyo, maji yakifika kwenye pampu na nozeli (zinazopulizia dizeli kwenye silinda) ndo yanazila kweli, maana dizeli ndiyo inayozilainisha. Mengine yamebaki kwenye tanki. Kama lina nati ya chini fungua asubuhi kabla hujaitikisa gari, maji yatatangulia. Jeki iwekee ubao chini, udongo umelowa, na tairi uzizuie kwa mawe. Badili filta, halafu kagua mpira wa kifuniko cha tanki, ukizeeka unapasuka mvua inaingilia hapo. Dizeli mnanunua sheli au ya madumu?

mwana_gungu
Ya madumu, na yanakaa nje.

mama_roli
Yaingize ndani leo hii kabla hujagusa kitu kingine.