Jirani anapiga kura tarehe 16, mimi mbona sina uchaguzi?

Kutoka: Mama Nyaboke (Brooklyn Park)
Tarehe: Jumanne, 2 Septemba 2025

Hamjambo nyote. Nimechanganyikiwa, nisaidieni. Jirani yangu wa barabara ya pili ananiambia ameshapiga kura mapema, ule uchaguzi mdogo wa kujaza kiti cha marehemu Melissa Hortman kwenye bunge la jimbo letu la Minnesota. Mimi na yeye mji ni mmoja na namba ya posta ni moja. Mimi ni raia, nimejiandikisha, Novemba iliyopita nilipiga kura bila shida. Sasa hakuna barua wala tangazo lililonifikia. Jina langu limefutwa, ama? Mnajua nafanya usiku kwa wazee, kwa hiyo kama kuna mahali pa kwenda niambieni mapema nibadilishane shifti na mtu.

---

Kutoka: Omosh wa Osseo

Mama, nenda tu. Hortman alikuwa wa Brooklyn Park, na wewe ni wa Brooklyn Park. Hiyo ni kura yako, usikubali kuambiwa hapana.

---

Kutoka: Baba Zawadi

Omosh, mdogo wangu, utamtoa mama wa watu kitandani baada ya usiku mzima kazini aende kurudishwa mlangoni.

Mama Nyaboke, pole na kazi. Jina lako halijaguswa. Nimekaa ukarani wa kituo cha kura kwa misimu kadhaa, na swali hili huulizwa kila uchaguzi mdogo unapotokea, na si na Waafrika peke yao.

Brooklyn Park ni mji mmoja lakini haina mwakilishi mmoja kule St. Paul, kwenye bunge la jimbo. Upande unaopakana na Champlin, pamoja na sehemu ya Champlin yenyewe, ndio 34B, kiti alichokuwa nacho Hortman. Ukishuka unaingia 38A, ambako mwaka 2024 tulimchagua Huldah Momanyi Hiltsley, binti aliyezaliwa Kenya. Ukikaribia Brooklyn Center unakuta 38B ya Samantha Vang. Mipaka hii haifuati namba ya posta. Inapita katikati ya barabara, na mara nyingine nyumba za upande huu wa lami zina mwakilishi mmoja na za upande wa pili zina mwingine. Kwa hiyo inawezekana kabisa jirani yako yuko 34B na wewe uko 38A. Kama ni hivyo, huna uchaguzi mwezi huu, endelea na shifti zako.

Usinitegemee mimi wala Omosh. Ofisi ya Katibu wa Jimbo ina ukurasa wa kutafuta kituo, pollfinder.sos.mn.gov. Unaandika anwani kamili ya nyumba, inakuonyesha kituo chako na maeneo yako yote. Tafadhali andika anwani ya unapolala leo. Wengine huandika ile iliyo kwenye leseni ya gari kutoka nyumba ya zamani, halafu wanakuja kugombana na karani.

---

Kutoka: Ndugu wa Uvira (Brooklyn Center)

Asante Baba Zawadi. Hapo kwenye namba ndipo na mimi nilipotea. Mwezi wa kwanza mwaka huu kila simu ilikuwa na habari ya 40B: mwakilishi ameondolewa na korti, kiti kiko wazi, wabunge wa DFL (ndio Democrat wa hapa Minnesota) wamegoma kuingia ukumbini. Mimi nilijua sisi wa Brooklyn Center ndio 40B, kwa sababu nilipofika hapa kila karatasi ya kampeni mlangoni ilisema 40B. Nikamwambia mke wangu, kumbe Samantha Vang amefukuzwa! Nani alibadilisha?

---

Kutoka: Baba Zawadi

Ndugu wa Uvira, hukuwa peke yako. Acha nieleze vizuri, maana hapa ndipo penye utamu.

Minnesota ina maseneta 67. Kila eneo la seneta linakatwa vipande viwili, A na B, ndiyo maana wawakilishi ni 134. Kila baada ya sensa, watu wote wa jimbo wanagawanywa upya ili kila kipande kiwe na idadi inayokaribiana. Baada ya sensa ya 2000 kila mwakilishi alikuwa na watu kama 36,713. Ya 2010 ikawa 39,582. Ya 2020 ikawa 42,586. Idadi inapanda lakini viti havizidi, kwa hiyo lazima mistari ihame. Vitongoji vilivyojaa wageni kama vyetu vinavuta mipaka huku, na mashamba yanayobaki na wazee yanaunganishwa yawe eneo moja refu.

Ukienda Kenya au Tanzania, eneo likigawanywa jina linabaki na ardhi. Kitutu Chache ilipokatwa kabla ya uchaguzi wa 2013, ikawa Kitutu Chache Kaskazini na Kitutu Chache Kusini, na mzee wa kule bado anajua yuko Kitutu. Hapa eneo halina jina, lina namba, na namba ni kama jezi: mchezaji akiondoka anavalishwa mwingine. Mwaka 2022 namba 40B iliondolewa kwenu Brooklyn Center ikapelekwa Roseville. Ninyi mkapewa 38B, na Vang akaja nanyi. Hiyo 38A ya Mama Nyaboke kabla ya hapo ilikuwa mbali huko, upande wa Circle Pines, na mwakilishi wake alikuwa Republican.

Mtazame Hortman. Aliingia bungeni 2005 akiwakilisha 47B. Mwaka 2013 akawa wa 36B, mwaka 2023 akawa wa 34B. Hakuwa akihamahama, ni ramani iliyokuwa ikihama juu yake. Michael Nelson, aliyekuwa kwenye kiti cha Hiltsley kabla yake, naye alipitia 46A, 40A na 38A. Ndiyo maana ukisoma habari ya zamani mtandaoni inayosema "mwakilishi wa 40A alipigia kura jambo fulani", angalia mwaka kwanza kabla hujamlaumu mtu wa Shoreview, ambako 40A iko sasa.

Nani hubadilisha? Kisheria ni bunge la jimbo. Kwa kweli ni majaji, maana vyama havielewani na tangu miaka ya 1970 ramani za hapa zimekuwa zikimalizikia kortini. Hii tunayotumia ilitolewa na jopo la majaji watano tarehe 15 Februari 2022. Mimi binafsi naona ni afadhali hivyo. Kuna majimbo ambako chama chenye nguvu kinajichorea, na mtu anashindwa uchaguzi kabla hajachukua fomu.

---

Kutoka: Ndugu wa Uvira

Nimeelewa. Na yule wa Roseville alifanya kosa gani?

---

Kutoka: Baba Zawadi

Makazi. Sheria inataka mgombea awe ameishi ndani ya eneo miezi sita kabla ya uchaguzi. Curtis Johnson alishinda Novemba 2024, lakini mpinzani wake alikwenda kortini akidai kwamba chumba alichopanga Roseville kilikuwa cha jina tu. Desemba jaji alikubaliana na mpinzani, Johnson akaachia kiti. Sasa piga hesabu: bunge lilikuwa limetoka sare, 67 kwa 67. Kiti kimoja kikatoweka, Republican wakabaki mbele kwa mtu mmoja, DFL wakasusia vikao hadi mapema Februari. Sare ilirudi baada ya uchaguzi mdogo wa 11 Machi, David Gottfried aliposhinda 40B. Jimbo zima lilisimama kwa sababu ya mkataba wa chumba.

---

Kutoka: Dada wa Champlin

Mimi niko 34B na nimeshapiga kura. Nawaomba tu tusiseme "kiti cha Hortman" kana kwamba alistaafu. Yeye na mumewe waliuawa nyumbani kwao tarehe 14 Juni, na usiku uleule Seneta wa jimbo John Hoffman na mkewe walipigwa risasi hapa Champlin. Sisi wa huku hatukulala hadi mtu yule alipokamatwa.

Na kwa wanaouliza hawa wawakilishi wadogo wana kazi gani: tarehe 9 Juni ndiyo siku bunge lilipiga kura ya kuwaondoa watu wazima wasio na karatasi kwenye bima ya afya ya jimbo, MinnesotaCare, mwisho wa mwaka huu. Ilipita 68 kwa 65. Katika DFL ya bunge la wawakilishi, aliyepiga ndiyo alikuwa Hortman peke yake, kwa sababu bila hivyo bajeti isingepita, na alilia akieleza. Unaweza kukubaliana naye au kukataa. Mimi nina ndugu anayepoteza bima hiyo, na bado nilimlilia. Kura moja ya mtu mmoja kutoka huku kwetu.

---

Kutoka: Omosh wa Osseo

Dada, pole sana. Umenena.

Nina swali la upande. Nina nyumba ya kuhudumia walemavu, maombi yangu ya leseni yamekwama ofisi moja ya jimbo tangu wakati wa theluji. Nikipiga simu naambiwa ningoje. Nimwandikie nani? Rafiki yangu anasema nimwandikie mbunge wa Washington.

---

Kutoka: Dada wa Champlin

Wa Washington hawezi kukusaidia sana kwa leseni ya jimbo. Gawanya hivi: faili la uhamiaji, viza ya mama, pasipoti, uraia uliokwama, ni mbunge wa Congress. Kwa Brooklyn Park na Osseo ni Kelly Morrison, eneo la tatu, na ofisi yake itakutaka utie sahihi fomu ya kuwaruhusu waulizie faili lako. Leseni ya biashara ya huduma, leseni ya gari, Medical Assistance (bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo) ni mwakilishi wako wa jimbo na seneta wako wa jimbo. Mitaro, kelele za jirani na theluji isiyozolewa ni diwani wa mji.

Andika barua pepe fupi. Weka anwani yako ya nyumbani juu kabisa, maana jambo la kwanza msaidizi wake atakaloangalia ni kama uko ndani ya eneo lao. Usipokuwa ndani, watakupeleka kwa mwenzao na wiki imepotea. Kisha namba ya maombi, tarehe uliyoyapeleka, na unachotaka waulize. Hadithi ya maisha iache, hata kama ni nzuri. Na uandikie wote wawili, mwakilishi na seneta.

---

Kutoka: Ndugu wa Uvira

Mimi nina grini kadi tu. Nikiandika watanijibu? Na kwenye hao watu 42,586, mimi nimo?

---

Kutoka: Baba Zawadi

Umo. Sensa inahesabu kila anayeishi hapa, raia na asiye raia, mwenye karatasi na asiye nazo. Mwaka 2020 Minnesota iliponea chupuchupu kupoteza kiti kimoja kati ya vinane vya Congress. Kama New York ingehesabu watu 89 zaidi, kiti kingekwenda kwao. Watu 89 ni harusi ndogo tu ya Wakisii. Kwa hiyo 2030 mtu wa sensa akibisha hodi, tusizime taa tukajificha jikoni na watoto saba wasiandikwe.

Kuandika kwa mwakilishi unaruhusiwa, na kwenda kutoa maoni kwenye kamati unaruhusiwa. Majaji walipochora ramani hii walizunguka kusikiliza watu Oktoba 2021, na hakuna aliyekatazwa kuzungumza kwa kukosa uraia. Jumuiya zilizofika zilisema "sisi tunaishi hapa na hapa, msitukate". Sisi Waswahili tulikuwa kwenye maandalizi ya pikiniki.

Lakini kura, ndugu yangu, usiguse. Usijiandikishe, usitie sahihi fomu yoyote yenye kisanduku cha uraia bila kuisoma, hata ukipewa na kijana mwenye tabasamu mlangoni mwa duka. Mtu wa grini kadi akipiga kura anaweza kufukuzwa nchini, na "sikujua" ni utetezi dhaifu. Ukiwa na wasiwasi kuhusu karatasi uliyokwisha kutia sahihi, muone wakili wa uhamiaji kabla hujapeleka ombi la uraia.

---

Kutoka: Mama Nyaboke
Tarehe: Jumatano, 17 Septemba 2025

Asanteni sana. Niliandika anwani kwenye ule ukurasa: 38A. Kwa hiyo jana nililala. Naona Xp Lee, yule aliyekuwa diwani wetu, ndiye amechukua 34B, na bunge limerudi 67 kwa 67. Jirani yangu ana furaha, alimfanyia kampeni.

Jambo la mwisho. Kijana wangu anafikisha miaka 18 mwakani mwezi wa tano, naye alizaliwa hapa. Baada ya kunisikia nikilalamika anataka kujiandikisha. Angoje siku ya kuzaliwa?

---

Kutoka: Baba Zawadi

Hapana. Sheria ya 2023 inawaruhusu wenye miaka 16 na 17 kujiandikisha mapema, jina linangoja hadi atimize. Afanye sasa kwenye tovuti ya Katibu wa Jimbo. Tarehe 3 Novemba 2026 atachagua gavana, seneta wa jimbo na mwakilishi, viti vyote 201 vya St. Paul viko sokoni siku hiyo. Akienda kukaa chuoni, ajiandikishe upya kwa anwani ya bweni ikiwa huko ndiko anakoishi, akae siku 20 kabla ya kupiga kura. Siku yenyewe pia anaweza kujiandikisha kituoni akiwa na kitambulisho na bili, au mpiga kura wa kituo hicho amthibitishie kwa kiapo kwamba anakaa hapo.

Tena mwambie, tunatafuta makarani wanaojua Kiswahili. Wanafunzi wa miaka 16 na 17 wanaruhusiwa kuwa wanagenzi vituoni, na wanalipwa.