Mrejesho: pesa ya wiki ya kijana wangu, Lubumbashi

Ndugu zangu, niliuliza kama kijana wa miaka 14 apewe pesa ya maandazi kila siku au ya wiki nzima. Wengi mlisema wiki, apange mwenyewe. Nikampa faranga 10,000 Jumatatu. Jumatano zilikwisha, na sikuongeza. Mama yake alinuna kuliko yeye! Siku hizi anabakiza, mpaka wadogo zake wanamkopa. Zikifikia dola 5 tunaenda kwa kambisti (mbadilisha pesa), soko la Kenya hapa hapa mjini. Noti ya dola anaigeuzageuza juani. Ikiwa imechanika hata kidogo pembeni anairudisha, maana madukani wataikataa. Likelemba (upatu, kuchangiana pesa kwa zamu) ya wenzake shuleni nimemkatalia kwanza: anayeshika pesa hata nyumbani kwao hatupajui.