Maktaba ya mtaa: viti vya kudurusu au rafu za kuazima?

Hoja: Maktaba za Kaloleni na Makadara, Nairobi, ni matawi ya maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa 1931 kwa Wazungu peke yao. Leo mwenye nazo ni kaunti. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya maktaba. Katika maktaba za mitaa viti hujaa wanafunzi waliokuja na madaftari yao, na rafu haziguswi. Rafu zipunguzwe, viti viongezwe?

Rafu_ya_Chini: Zipaliliwe kwanza. KCPE, mtihani wa kumaliza darasa la nane, ulifanywa mara ya mwisho 2023. Vitabu vya kuudurusu vinafanya nini pale? Tazama karatasi ya tarehe iliyobandikwa ndani ya jalada. Kitabu hakijaazimwa miaka mitano, na hakihusu historia ya mtaa? Kiondoke. Ila namba yake ikatwe kwenye rejista kwa wino mwekundu, pamoja na tarehe na sababu. Usipofanya hivyo, mkaguzi atakiandika kimepotea, nawe ndiye utakayeulizwa. Hofu hiyo ndiyo inayojaza rafu takataka.

Daftari_na_Kalamu: Sawa, lakini kwenye nyumba ya chumba kimoja, redio ikiwaka na wadogo wakilia, mtoto atadurusia wapi? Kiti na kimya navyo ni huduma. Mwaka wa mtihani hahitaji riwaya.

Rafu_ya_Chini: Hakuna anayemfukuza. Meza zikae ukutani penye dirisha, rafu fupi katikati. Na hadithi za Kiswahili, ambazo Dewey, mfumo wa kupanga vitabu kwa namba, umezificha kwenye 896.392, zitolewe huko nyuma ziwekwe mlangoni, majalada yakitazama nje. Msomaji wa mtaani hatafuti namba.

Mama_Eastlands: Nyote mmeruka jambo moja: amana. Ukimdai mzazi pesa kabla mtoto hajachukua kitabu, mtoto haazimi. Barua ya mwalimu mkuu inatosha. Vitabu viwili, siku 14.

Daftari_na_Kalamu: Na kikipotea? Faini?

Mama_Eastlands: Hapana. Kwa Kifungu cha 207 cha Katiba, mapato ya kaunti huingia Mfuko wa Mapato wa kaunti, kwa hiyo shilingi ya faini hainunui kitabu kingine isipokuwa bajeti imesema hivyo. Aliyepoteza alete nakala nyingine, hata ya mtumba, ipewe namba mpya kwenye rejista.

Daftari_na_Kalamu: Hilo nakubali. Habari ya viti bado nabishana.