Ukumbi wa watu 400 Moshi: tununue vipimajoto vya getini au hela iende kwingine?

Msimamizi_Majengo

Wakuu, salaam. Naomba ushauri kwa wanaolijua jambo hili vizuri. Tuna ukumbi wa sherehe hapa Moshi, unachukua watu 400 wakikaa kwenye meza. Desemba inakaribia, wageni watatoka Dar, Nairobi na nje ya nchi. Kamati inataka tununue vipimajoto vinne vya kulenga paji la uso, walinzi wampime kila anayeingia. Hoja yao ni kwamba tangu Marburg, ugonjwa hatari wa virusi unaofanana na Ebola, itokee Kagera 2023 na kurudi Januari 2025, mgeni akikuta kipimo getini anapata imani. Je, kinazuia ugonjwa kweli? Tukinunua, mlinzi afanyeje asimsumbue mtu bure? Na kama hakifai, hela iende wapi? Milango ni miwili, madirisha yako upande mmoja tu, jiko ni banda la nje.

Fundi_Vipimo, Arusha

Nianze na kifaa, maana ubishi mwingi unatokana na kutojua kinapima nini. Kinapokea joto linalotoka kwenye ngozi ya paji la uso, ambayo kwa mtu mzima mwenye afya mara nyingi iko kati ya nyuzi 33 na 35. Halafu kinaongeza hesabu yake na kukuandikia 36.5. Hesabu hiyo inashika pale tu ngozi ilipotulia. Mtu akishuka kwenye bodaboda kutoka Rau, upepo umempiga usoni, atasoma chini. Aliyesimama juani kwenye foleni atasoma juu. Jasho likiwa linakauka, chini. Aliyevua kofia sasa hivi, juu. Maelekezo ya vifaa vingi yanataka mtu na kifaa wakae kivulini mahali pamoja dakika 15 hadi 30 kabla ya kupima. Getini hilo halifanyiki.

Kuna na baridi. Vifaa vingi vimetengenezwa kufanya kazi kuanzia nyuzi 15 au 16 za hewa. Asubuhi ya Julai hapa Arusha tunashuka chini ya hapo, na ndipo unaona mlinzi anaandika 34.2, 34.6, 33.9 kwenye daftari, anapitisha watu. Mtu mzima anayetembea na kuongea vizuri hana nyuzi 34. Namba kama hizo zikifuatana, kifaa kinadanganya, na kama kinashusha nyuzi mbili kwa mzima, kitamshushia na mgonjwa wa 38.5.

Mkinunua, angalieni boksi. Likiandikwa kinapima kuanzia -50 hadi 380, hicho ni cha injini na oveni, kinaweza kukosea nyuzi moja na nusu au mbili, na kwa homa hiyo ndiyo tofauti yote. Cha mwili huwa kinaanzia karibu 32 na kuishia karibu 43. Vingine vina kitufe cha "Body" (mwili) na "Surface" (uso wa kitu). Kikibonyezwa kwa bahati mbaya kikaenda "Surface", kila mtu atasoma 33. Umbali ni sentimita 3 hadi 5 kwa vingi, lakini fuateni kijitabu chake. Kilengwe katikati ya paji, nywele na kilemba vikiwa pembeni, jasho limefutwa. Kiganja na kifundo cha mkono msipime, damu ya huko inabadilika sana kwa baridi. Kioo cha mbele kisafishwe kwa pamba yenye spiriti kidogo, kiachwe kikauke. Msikiache ndani ya gari juani.

Na yale maneno kwamba kinachoma ubongo hayana ukweli. Kinapokea joto, hakirushi kitu. Kama kina nukta nyekundu ya leza ya kulengea, isielekezwe machoni, basi.

Muuguzi_KLM

Fundi kamaliza kifaa. Mimi niseme ugonjwa, maana hata kifaa kikiwa sahihi kabisa bado swali la mkuu liko palepale.

Homa si ugonjwa, na ugonjwa si lazima uje na homa. UVIKO-19 mtu anaweza kuambukiza siku mbili kabla ya dalili, na wengine hawapati dalili kabisa. Mafua ya kawaida ya mtu mzima mara nyingi hayana homa. Kipindupindu, ambacho ndicho kingewatesa zaidi kwenye sherehe ya chakula, kwa kawaida hakileti homa. Halafu kuna panadol: vidonge viwili vinashusha joto kwa saa nne hadi sita, na mtu anayeitamani harusi ya mdogo wake atavimeza asubuhi bila nia mbaya yoyote.

Upande wa pili, anayekutwa na joto kweli hapa kwetu anaweza kuwa na malaria au UTI. Hawaambukizi wenzao mezani. Tuseme kifaa kinakosea watu wawili katika kila 100: kwa wageni 400 mmewasimamisha wanane bure, mbele ya ndugu zao.

Hili lilishapimwa kwa watu wengi sana. Wakati wa mlipuko wa SARS, ugonjwa wa mapafu, mwaka 2003, viwanja vya ndege vya Kanada vilikagua mamilioni ya wasafiri na hakupatikana mgonjwa hata mmoja. Septemba 2014 msafiri alipimwa joto akiondoka Monrovia, akapita akiwa hana homa, akaugua Ebola siku chache baadaye akiwa Dallas. Waliompima hawakukosea. Alikuwa bado hajaanza homa.

Baba_Sakina

Nawapinga kidogo. Kwa Marburg na Ebola mtu haambukizi kabla ya dalili, na homa ni miongoni mwa dalili za mwanzo. Kwa hiyo kipimo kina maana kuliko kwa UVIKO. Tusikitupe chote.

Muuguzi_KLM

Baba Sakina, upo sahihi, na ndiyo sababu mipakani kama Namanga na pale uwanja wa ndege wa KIA kupima kunaeleweka: pale kuna fomu ya ulikotoka, chumba cha kumweka mtu, na afisa afya wa kuamua. Ila Marburg inakaa mwilini siku 2 hadi 21 kabla ya kujitokeza, kwa hiyo hata huko kipimo ni kipande kimoja cha kazi. Ukumbi wa harusi hauna hivyo vingine. Serikali ikitoa agizo la kupima, pimeni bila kujadili. Bila agizo, na bila mlipuko, msikitegemee.

Mkipima, mpango wa mwenye joto uwe tayari kabla ya mgeni wa kwanza. Awekwe kivulini pembeni, kiti na maji, dakika 15, kisha apimwe kwa kipimajoto cha dijitali cha kwapani. Ikifika 37.5 au zaidi, aambiwe kwa sauti ya chini, namba isitangazwe, aelekezwe kituo cha afya. Kama ametoka eneo lenye mlipuko, au anatapika, au anatoka damu, msimguse. Pigeni 199, ni namba ya bure ya Wizara ya Afya.

Hesabu_Njiro

Jambo ambalo kamati nyingi hazihesabu: mtu mmoja ni sekunde 10 kama mambo yanakwenda vizuri. Watu 400 ni sekunde 4,000, yaani dakika 67 kwa mlango mmoja, 33 kwa milango miwili. Harusi zetu watu wanafika wote ndani ya nusu saa ya mwisho. Mtakuwa mmewabana watu bega kwa bega kwenye korido ili kuwakinga na msongamano.

Hewa ndiyo kazi. WHO inapendekeza lita 10 za hewa safi kwa sekunde kwa kila mtu. Kwa 400 ni lita 4,000, yaani mita za ujazo 4 kila sekunde. Upepo mwepesi wa mita moja kwa sekunde unahitaji uwazi wa mita za mraba 4 pa kuingilia na 4 pa kutokea, na zaidi ya hapo kwa sababu wavu wa mbu unakata upepo. Madirisha ya upande mmoja hayatafika. Tobo lazima liwe upande wa pili, juu karibu na dari ambako hewa ya moto inapanda. Kama ukuta hauruhusu, feni kubwa ya kutoa hewa nje. Feni za dari zinazungusha ileile, msidanganyike nazo.

Mkitaka kujua kama imetosha, tafuteni kipima hewa ya ukaa, ile tunayoitoa tukipumua. Nje ni karibu 420 kwa milioni (ppm). Ndani ikivuka 800 watu wakiwa wamekaa, fungueni zaidi.

Msimamizi_Majengo

Nashukuru sana. Kwa hiyo hela ya vipimajoto iende ukuta wa pili. Na kwa wapishi na wahudumu je? Hao ni 30, tunawafahamu, nao tusiwapime?

Muuguzi_KLM

Hao waulizeni, msiwapime. Kila asubuhi ya sherehe, mkuu wa zamu aulize kila mmoja: umeharisha au kutapika siku mbili hizi? Una kikohozi au homa? Una kidonda au jipu mkononi? Wa kuharisha asiguse chakula mpaka zipite saa 48 tangu mara ya mwisho. Na hapa ndipo wengi wanakwama: mkimkata posho ya siku atakaa kimya. Mlipeni akiwa nyumbani, ni nafuu kuliko watu 400 kuharisha.

Maji tiririka na sabuni nje ya choo cha wafanyakazi na mlangoni mwa jiko, sekunde 40 hadi 60. Kwa kufuta matapishi tumieni jiki ya asilimia 3.5, kipimo kimoja kwa maji vipimo sita, ikae dakika 10, ichanganywe upya kila siku. Soma asilimia kwenye chupa kwanza, hazilingani.

Fundi_Vipimo, Arusha

Na kama kamati imeng'ang'ania kipimajoto, nunueni cha kuchoma ndani ya chakula. Kuku kwenye sehemu nene, mbali na mfupa, afike 70. Pilau na mchuzi kwenye mabakuli ya bufe visishuke chini ya 60 mpaka mgeni wa mwisho apakue. Sindano ifutwe kwa spiriti kila inapotoka kwenye chungu kimoja kwenda kingine.