Con A, WGA au lektini ya dengu: ipi inaachia glaikoprotini bila vita?

sukari_guru
Wakuu nisaidieni. Nina glaikoprotini (protini yenye minyororo ya sukari) ambayo seli zinaimwaga kwenye midia (maji ya kukuzia seli), nimeipitisha kwenye shanga za agarosi zenye Con A (lektini, yaani protini inayoshika sukari), inanasa vizuri tu, kwenye maji yaliyopita sioni kitu, shida ni kuitoa sasa. Nimeweka methili manosidi (sukari ya kuing'oa) 0.2 M imetoka kiduchu, nikapandisha 0.5 M vilevile. Nilipochemsha shanga zenyewe ndo nikaikuta imejaa mle. Nihamie WGA (lektini ya ngano) au ya dengu?

bi_pipeti
Con A ndo ilivyo. Kwenye pH 7 ina vipande vinne, kila kimoja kinashika manosi (aina ya sukari), so protini yenye minyororo kadhaa ya sukari inakamatwa huku na huku. Usimimine bafa (maji ya kutolea) ikapita mbio. Ziba kolamu (bomba lenye shanga), iache na sukari nusu saa, toa, rudia mara tatu, tena kwenye joto la chumba sio baridini. Yangu niliiokoa hivyo.

kobe_wa_maabara
Mi nasema dengu. Nayo ni ya manosi ila mshiko wake mlegevu, inaachia mapema, na kwa protini za utando inavumilia deoksikoleti (sabuni ya kuziyeyusha). Ila inapenda minyororo yenye fukosi (sukari nyingine) pale shinani, isipokuwepo protini inaweza kukupita hivihivi ukalaumu shanga bure.

sukari_guru
Na WGA je?

bi_pipeti
Hiyo habari nyingine, inatafuta N-asetiliglukosamini na asidi ya siali. Kama midia ina seramu jiandae, utavuna protini za seramu kuliko ya kwako.

mzee_fenesi
Na kama sukari zenu ni za upande wa O (zimeshikana na protini kupitia oksijeni) achaneni na Con A, chukueni jakalini, lektini ya fenesi, inatoka kwa galaktosi. Nimepita tu 😅

nzi_wa_jeli
Subirini kwanza. Ulipochemsha, mstari uliouona kwenye jeli uko wapi? Maana Con A yenyewe ukiichemsha inashuka karibu na 26 kDa (kipimo cha uzito wa protini), mnene kabisa, mtu anashangilia kumbe ni lektini.

sukari_guru
Yangu iko 70 hivi, kingamwili imeithibitisha. Ila huo wa 26 nao upo kweli, nilidhani uchafu!

nzi_wa_jeli
Ndo wenyewe. Sasa chukua tyubu moja uchanganye sampuli na methili manosidi KABLA ya shanga. Ikinasa bado, basi haijashikwa na sukari, imeng'ang'ania tu, ongeza NaCl hadi 0.5 M kwenye bafa ya kuoshea na ya kutolea. Na EDTA (inanyakua madini) isisogee hapo, bila kalsiamu na manganisi Con A haishiki kitu.

kobe_wa_maabara
Shanga za dekstrani pia aziepuke, ni glukosi tupu zile, Con A itazishika zenyewe 😂

sukari_guru
Mrejesho: tyubu yenye sukari haikunasa kitu, kwa hiyo ni mshiko halali. Nikaziba kolamu kama alivyosema bi_pipeti, ya kwanza imetoka kidogo, ya pili ndo nyingi, ya tatu bado inatoka. Naongeza ya nne. Dengu nitaijaribu na nusu ya sampuli iliyobaki.